Kompyuta Iliyolala Ijumaa na Kuamka Jumatatu



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo huenda likaonekana kuwa la mafundi peke yao, yaani saa iliyomo ndani ya kompyuta. Tumeamua kuliandika kwa sababu mbili. Kwanza, lilikaribia kumharibia jina mtumishi mwaminifu wa ofisi yetu. Pili, parokia, zahanati na shule nyingi sasa zinaweka hesabu zao katika kompyuta za aina ileile iliyotusumbua sisi, mara nyingi bila kujua.

Yaliyotupata

Ofisi yetu ina seva moja. Ndani ya seva hiyo zimo kompyuta nne ambazo huwezi kuzishika kwa mkono: moja ya hesabu, moja ya orodha ya wafadhili, moja ya kumbukumbu za zahanati na moja ya barua pepe. Mafundi huziita kompyuta pepe. Tulifanya hivyo ili kubana matumizi, maana kununua mashine nne, kuzipatia umeme na kuzipoza ni gharama kubwa.

Ijumaa moja, tarehe 30, siku ya mwisho ya robo ya mwaka, umeme ulikatika jioni. Betri za UPS ziliposhuka, seva ilifanya kama ilivyopangiwa: ilizilaza kompyuta pepe zote, kisha ikajizima. Kompyuta ya hesabu ililazwa saa 10:20 jioni. Umeme ulirudi Jumatatu tarehe 3, na saa 3 asubuhi kompyuta zote ziliamshwa. Wafanyakazi walifurahi kukuta kila kitu kiko kama walivyokiacha, hata ukurasa waliokuwa wakiuandika bado umefunguliwa.

Tatizo ni kwamba saa nayo ilikuwa kama walivyoiacha. Kompyuta ya hesabu iliendelea kuhesabu kuanzia Ijumaa saa 10:20 jioni. Siku ile nzima mhasibu wetu aliingiza michango iliyoletwa na parokia, na kila stakabadhi ilichapwa tarehe 30 ya mwezi uliokwisha. Jioni fundi aliizima kompyuta hiyo na kuiwasha upya kwa sababu nyingine kabisa. Ilipowaka ilichukua tarehe mpya kutoka kwa seva, na Jumanne saa ilikuwa sahihi. Kosa lilijifuta bila mtu kuliona, lakini stakabadhi zake zilibaki.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mkaguzi wa hesabu. Alizipanga stakabadhi upande mmoja na hati za benki upande mwingine, kisha akauliza kwa upole, “Mama, mlitoaje stakabadhi tarehe 30 kwa fedha zilizofika benki tarehe 3?” Mama mhasibu hakuwa na jibu. Alijua kwamba alizitoa siku ileile fedha zilipoletwa, lakini karatasi yenye jina lake ilisema vinginevyo. Zaidi ya hayo, fedha za robo mpya zilikuwa zimeingia katika taarifa ya robo iliyopita, taarifa tuliyokwisha kuituma kwa wafadhili. Kwa mtu anayesoma karatasi tu, ilionekana kana kwamba mtu amerudisha tarehe nyuma kwa makusudi ili taarifa ipendeze.

Kwa muda wa wiki mbili jambo hili lilikuwa zito. Tutaeleza hapa chini jinsi lilivyotatuliwa. Lakini kwanza inafaa kuelewa kompyuta inajuaje saa, na kwa nini kompyuta pepe hukosea kwa namna yake.

Kompyuta inajuaje saa?

Ndani ya kila kompyuta ya kawaida kuna kijiwe kidogo cha kwatzi, kama kile kilichomo katika saa ya mkononi. Kikipewa umeme kidogo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kompyuta huhesabu mitetemo hiyo. Betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, hukiwezesha kuendelea kuhesabu hata mashine ikiwa imezimwa. Ndiyo maana kompyuta ya zamani ambayo betri hiyo imekufa huwaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Kijiwe hiki ni kizuri lakini si kamili. Joto na baridi hukibadilisha mwendo. Kupotoka kwa sehemu 20 katika kila milioni ni jambo la kawaida, na hiyo ni karibu sekunde 1.7 kwa siku, au zaidi kidogo ya sekunde 50 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Kompyuta isiyosahihishwa kwa mwaka mmoja inaweza kuachana na saa ya kweli kwa dakika kumi.

Wako watakaosema kuwa sekunde si kitu. Tuwakumbushe yaliyotokea Dhahran, nchini Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa kijeshi wa kuzuia makombora ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi bila kuzimwa. Kosa dogo sana katika namna ulivyohesabu muda lilikuwa limekua hadi kufikia theluthi moja ya sekunde. Mtambo ulitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo, na askari 28 wa Marekani wakafa. Mtambo ule haukuwa kompyuta pepe, lakini somo ni lilelile: kosa la saa hukua kimyakimya.

Nyumba moja, wapangaji wanne

Sasa tuje kwenye kompyuta pepe. Fikirieni nyumba kubwa yenye wapangaji wanne. Nyumba ni seva, na kila mpangaji ni kompyuta pepe. Kila mpangaji anaamini kwamba ana nyumba yake mwenyewe, yenye jiko lake na kisima chake. Kwa kweli jiko ni moja na kisima ni kimoja, na mwenye nyumba huwagawia zamu kwa haraka kiasi kwamba hawagundui.

Hata saa ni moja. Mpangaji hana kijiwe chake cha kwatzi. Anaambiwa saa na mwenye nyumba, naye kwa desturi ya zamani huijua kwa kuhesabu kengele. Mifumo mingi ya kompyuta ilitengenezwa ihesabu mapigo ya aina hiyo, kati ya 100 na 1,000 kwa sekunde. Kila pigo likisikika, kompyuta huongeza kipande kidogo kwenye saa yake.

Katika kompyuta ya kawaida utaratibu huu unafaa, kwa sababu kompyuta iko macho wakati wote. Lakini kompyuta pepe haiko macho wakati wote. Mpangaji wa pili anapotumia prosesa, mpangaji wa kwanza amesimamishwa pasipo yeye kujua. Kengele ikilia wakati huo, hakuisikia. Nyumba ikiwa na kazi nyingi, kengele zinazomkosa huwa nyingi, na saa yake huchelewa.

Watengenezaji waliona tatizo hili mapema. Wengine waliamua kwamba mwenye nyumba aweke akiba ya kengele zilizokosekana, kisha azipige harakaharaka mpangaji anapoamka. Lakini baadhi ya mifumo ya Linux ya wakati ule ilikuwa na ujanja wake yenyewe wa kugundua kengele zilizokosekana na kuzifidia. Matokeo yake kengele moja ilihesabiwa mara mbili, na saa iliyokuwa ikichelewa ikaanza kukimbia mbele. Huu ni mfano mzuri wa watu wawili wenye nia njema wanaolipa deni lilelile bila kuulizana.

Leo mifumo mingi imepata njia bora. Badala ya kuhesabu kengele, kompyuta pepe huchungulia saa ya mwenye nyumba kupitia dirisha maalumu. Hii imepunguza sana upotevu wa kila siku. Hata hivyo, tusijidanganye: dirisha hili husaidia kupima muda unaopita wakati kompyuta iko macho. Halihakikishi kwamba tarehe itajirekebisha yenyewe baada ya usingizi mrefu.

Usingizi mrefu ndio hatari kubwa zaidi. Kuna njia tatu ambazo kompyuta pepe huupata. Ya kwanza ni kulazwa, kama ilivyotupata sisi. Ya pili ni kurudishwa katika hali ya zamani: fundi huhifadhi hali nzima ya kompyuta siku fulani, na baadaye akiirudisha, kompyuta huamka ikidhani bado ni siku ile. Ya tatu ni kuhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine ikiwa inafanya kazi. Hapo usingizi huwa mfupi sana, lakini bado ni usingizi.

Kijana aliyetumwa mjini kuuliza saa

Kwa hiyo saa ya ndani haitoshi. Ni lazima kuuliza nje. Utaratibu unaotumika duniani kote huitwa NTP. Ulibuniwa na Profesa David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1985. Mills alifariki mwaka 2024, lakini utaratibu wake bado unasahihisha saa za kompyuta kila siku.

Namna unavyofanya kazi inaweza kuelezwa kwa mfano wa kijijini. Tuseme saa ya parokia haiaminiki, na mjini kuna saa ya kweli. Padre anamtuma kijana. Kijana anaondoka saa 2:00 kwa saa ya parokia. Anafika mjini saa 2:40 kwa saa ya mjini, anapumzika, na kuondoka mjini saa 2:45. Anarudi parokiani saa 3:15 kwa saa ya parokia.

Sasa tuhesabu. Kwa saa ya parokia, kijana alitoka kwa dakika 75. Dakika 5 alipumzika mjini, hivyo safari ya kwenda na kurudi ni dakika 70, yaani 35 kila upande. Alipoondoka mjini ilikuwa 2:45, hivyo anapofika parokiani saa ya kweli ni 3:20. Saa ya parokia inaonyesha 3:15. Basi imechelewa dakika 5, na padre anaweza kuisahihisha ingawa hakutoka nyumbani.

Kompyuta hufanya hesabu hiyohiyo, ila safari yake huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Jambo moja tu huweza kuipotosha: ikiwa kijana alikwenda kwa baiskeli na kurudi kwa miguu, kugawa safari katika nusu mbili sawa si sahihi. Ndivyo inavyokuwa katika mtandao wa polepole uliolemewa upande mmoja. Lakini hata hapo kosa huwa dogo, na kwa stakabadhi na kumbukumbu za wagonjwa halina madhara.

Saa ya kweli yenyewe inatoka wapi? Inatokana na mamia ya saa za atomi zilizoko katika maabara za nchi mbalimbali, ambazo matokeo yake huunganishwa na ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoko Sèvres, karibu na Paris. Saa hiyo ya dunia huitwa UTC. Sisi wa Afrika Mashariki tunaitangulia kwa saa tatu.

Kusogeza polepole au kuruka?

Kompyuta ikigundua imekosea, ina njia mbili. Inaweza kuruka mara moja hadi saa sahihi, au inaweza kuongeza au kupunguza mwendo wake kidogo mpaka ikutane na saa ya kweli.

Njia ya polepole ni salama kwa vitabu vya hesabu. Saa hairudi nyuma kamwe, na stakabadhi namba 101 haiwezi kuonekana imetolewa kabla ya namba 100. Lakini ina kikomo. Programu ya NTP ya kawaida husogeza saa kwa nusu sekunde tu katika kila sekunde 1,000. Kwa mwendo huo, kosa la saa moja lingechukua siku 83 kusahihishwa. Kwa hiyo kosa kubwa ni lazima liondolewe kwa kuruka, na kuruka kufanyike kabla mtu hajafungua kitabu cha hesabu.

Hapa ndipo tulipoanguka sisi. Programu ya NTP iliyokuwa ndani ya kompyuta yetu ya hesabu ilikuwa na tahadhari ya kawaida: ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, yaani dakika 17 hivi, inaamini kuna jambo baya limetokea, inaandika onyo na kujizima ili isiharibu zaidi. Sisi tulikuwa na tofauti ya saa 64 na dakika 40. Programu ilifanya kama ilivyofundishwa. Iliandika onyo mahali ambapo hakuna mtu aliyesoma, kisha ikanyamaza. Mlinzi alikuwapo, lakini alipoona mlango umevunjwa wote alikwenda zake.

Saa tatu, saa sita au saa tisa?

Turudi kwa mama mhasibu. Fundi alipoambiwa habari hii alikwenda kusoma kumbukumbu za seva yenyewe, si za kompyuta pepe. Seva ina kijiwe chake na betri yake, na haikupoteza tarehe. Alikuta mstari uliosema kwamba kompyuta ya hesabu iliamshwa Jumatatu tarehe 3, saa 06:00.

Badala ya kumaliza mashaka, mstari ule uliongeza. Mkaguzi alisema, “Saa kumi na mbili asubuhi ofisi haijafunguliwa. Nani alikuwa humo ndani?” Mlinzi naye alikuwa ameandika katika daftari lake: “Umeme umerudi, mashine zimewashwa saa 3.” Kompyuta za mezani za wafanyakazi zilionyesha kwamba ziliwashwa saa 09:00 siku hiyohiyo. Tatu, sita, tisa. Ilionekana kama watu watatu wanatoa ushahidi unaopingana.

Kumbe wote walisema kweli. Seva iliandika kwa saa ya dunia, UTC, ambayo ni 06:00. Kompyuta za mezani ziliandika kwa saa ya Afrika Mashariki, ambayo ni 09:00. Mlinzi aliandika kama tunavyosema sote, saa tatu asubuhi. Ni dakika ileile moja. Mkaguzi alipolielewa hili alifunga daftari lake na kusema, “Basi mashine ililala, si mama.” Taarifa ya robo ya mwaka ilirekebishwa, wafadhili wakaandikiwa barua ya maelezo, na stakabadhi zile zikabandikwa karatasi ya ufafanuzi yenye sahihi ya mkaguzi.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu seva nyingi, hasa zile zinazokodishwa nje ya nchi, huja zikiwa zimepangwa kwa UTC. Hilo si kosa. Kosa ni kutokujua. Kila kumbukumbu inayoweza kuletwa mbele ya mkaguzi ionyeshe wazi inatumia majira yapi.

Mambo ya kufanya

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu ufuatao. Tunawashauri nanyi mwombe mafundi wenu waufuate.

1. Anzeni na mwenye nyumba. Seva yenyewe ni lazima isahihishwe kwa NTP. Mwenye nyumba akipotoka, wapangaji wote wanapotoka.

2. Tumieni vyanzo vya saa visivyopungua vinne. Mwenye vyanzo viwili vinavyotofautiana hajui kipi kinadanganya. Vikiwa vitatu, viwili vyaweza kumshinda mmoja mwongo. Cha nne ni akiba, kimoja kikizimika. Huduma ya bure ya pool.ntp.org, iliyoanza mwaka 2003, inatosha kwa ofisi nyingi.

3. Kila kompyuta pepe iwe na msahihishaji mmoja tu. Inaweza kusahihishwa na programu ya NTP iliyomo ndani yake, au na programu ya msaada inayotoka kwa mwenye nyumba. Wote wawili wakifanya kazi pamoja bila mpango, mmoja huvuta mbele na mwingine nyuma.

4. Epukeni duara. Tumeona ofisi ambamo seva huchukua saa kutoka kwa kompyuta pepe inayosimamia majina ya watumiaji, na kompyuta pepe hiyo huchukua saa kutoka kwa seva hiyohiyo. Hapo ni kipofu kumwongoza kipofu. Wote wanakubaliana, na wote wamekosea. Zaidi ya hayo, mifumo mingi ya kuingia kwa nywila hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika tano. Wafanyakazi hudhani wamesahau nywila, kumbe wameachwa nyuma na saa.

5. Ruhusuni kuruka baada ya usingizi. Programu iitwayo chrony inafaa sana kwa kompyuta pepe, lakini mara nyingi imepangwa kuruka mwanzoni tu inapowashwa. Mwambieni fundi aipange iruhusiwe kuruka wakati wowote tofauti inapozidi sekunde moja, na programu ya hesabu isifunguliwe kabla saa haijathibitishwa.

6. Ikiwezekana, zimeni badala ya kulaza. Umeme ukikatika, seva ipangwe kuzima kabisa kompyuta ya hesabu kabla betri haijaisha. Ikizimwa na kuwashwa upya huchukua tarehe mpya kutoka kwa mwenye nyumba. Ikilazwa huamka na tarehe ya zamani.

7. Mahali pasipo na intaneti, tumieni kipokezi cha GPS. Setilaiti za GPS zimebeba saa za atomi, na kipokezi kidogo kilichowekwa dirishani au juu ya bati kinaweza kuipa seva saa sahihi bila mtandao wowote. Hili linafaa sana kwa zahanati za mbali.

8. Endeleeni kuandika daftari. Umeme ukikatika au kurudi, mtu aandike tarehe na saa kwa mkono. Daftari la mlinzi lenye thamani ndogo dukani liliokoa jina la mtu.

Neno kuhusu sekunde ya ziada

Wengine mtakuwa mmesikia juu ya sekunde ya ziada. Kwa kuwa dunia haizunguki kwa mwendo ulio sawasawa, tangu mwaka 1972 sekunde moja imekuwa ikiongezwa mara chache kwenye UTC, jumla mara 27 hadi sasa. Iliyoongezwa mwisho wa Juni 2012 ilisababisha seva nyingi za Linux duniani kukwama. Ya mwisho iliongezwa tarehe 31 Desemba 2016, wakati huku kwetu ilikuwa tayari karibu saa tisa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba utaratibu huu ukome ifikapo mwaka 2035. Kwa ofisi ya parokia inatosha kuhakikisha vyanzo vyote vya saa vinatoka katika huduma moja, kwa sababu baadhi ya kampuni kubwa huisambaza sekunde hiyo kidogokidogo katika siku nzima na nyingine huiongeza kwa mara moja.

Kwa nini haya ni yetu sote

Mjane anapotoa mchango wake na kupewa stakabadhi, tarehe iliyopo pale ni ushahidi. Inasema: siku hii, ulileta, na sisi tulipokea. Mtoto anapochanjwa zahanati, tarehe iliyopo kwenye kumbukumbu ndiyo inayomwambia muuguzi arudishwe lini. Mfadhili aliye mbali hana njia ya kuona kazi yetu isipokuwa kwa karatasi, na karatasi ikidanganya, hata bila mtu kukusudia, ni uaminifu wetu unaopimwa.

Mashine haina dhamiri. Itatia tarehe ya uongo kwa utulivu uleule inaotia tarehe ya kweli. Kwa hiyo wajibu wa kuuliza ni wa watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kwa kazi ya nusu siku ya fundi mmoja, bila kununua kitu kikubwa.

Mama mhasibu bado yuko nasi. Kila asubuhi, kabla hajafungua kitabu cha hesabu, hutazama saa ya kompyuta, kisha saa ya ukutani, kisha saa ya simu yake. Zikikubaliana zote tatu, ndipo anaanza kazi. Tulipomwuliza kama haoni ni usumbufu, alijibu, “Wanangu, nimewahi kuulizwa swali nisilokuwa na jibu lake. Sitaki tena.”

Maswali ya kujadili katika kamati

– Je, hesabu za parokia yetu zimo katika kompyuta ya kawaida, au katika kompyuta pepe? Nani anajua?

– Umeme ukikatika, kompyuta ya hesabu huzimwa au hulazwa?

– Saa ya kompyuta hiyo inasahihishwa kutoka wapi, na nani huangalia kama bado inasahihishwa?

– Kumbukumbu zetu zinaandikwa kwa saa ya Afrika Mashariki au kwa UTC? Mkaguzi akituuliza leo, tutamjibu nini?

– Je, tuna daftari la mkono la kuandika umeme unapokatika na kurudi?

Kamati itakayopata majibu ya maswali haya yote itakuwa imefanya kazi njema. Kamati itakayokosa jibu la moja isione haya, bali imwite fundi mapema.